Chokaa ya Idi

Mwalimu mmoja wa sekondari alinirudishia mche wangu mwaka huu, wiki chache baada ya Idi. Alikuja nao ndani ya ndoo, na ile ndoo ameishika mbali na nguo zake kana kwamba kilichomo kinanuka. Hakuingia hata ndani ya kitalu. Alisimama langoni akasema, "Shikamoo mama. Huu mti wako mgonjwa. Uliniuzia ukiwa mgonjwa."

Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwambia kwamba mimi siuzi wagonjwa. Nimeanza kuotesha miche ya maua hapa Korogwe, kando ya barabara, yeye hajaota meno. Shule niliiacha darasa la nne, sikufichi, na kabla ya miche nilikaanga maandazi stendi mpaka vidole vikaota sugu. Kitalu hiki chote unachokiona, na nyumba iliyo nyuma yake, nimekitoa kwenye mikono hii. Mtu akiniletea mti uliokufa huwa namuuliza swali moja tu: ulimwagilia, au ulisafiri? Wengi huondoka wameinamisha kichwa.

Lakini siku hiyo nilichungulia kwanza ndani ya ndoo. Majani yalikuwa ya njano, na haikuwa njano ya kiu. Jani zima limekuwa la njano kama ndizi mbivu, ila mishipa yake imebaki kijani, mmoja mmoja, kama mtu ameichora kwa kalamu. Njano ya namna ile, juu ya mti wa namna ile, nilikuwa nimeiona mara moja tu maishani, nikiwa msichana wa miaka minane hivi, Mkumbara, uani kwa bibi yangu. Nikavuta ndoo nyingine, nikaipindua, nikakaa. Mwalimu akaogopa, akadhani presha imenipanda.

Ngoja nikueleze kwa nini nilikaa.

Bibi yangu alikuwa Msambaa wa Lutindi, juu kule ambako asubuhi mtu haoni hata mbuzi wake kwa ukungu. Baba yake alikuwa mtunza bustani kwenye misheni ya zamani. Kwao walikuwa wanaswali swala tano, yeye akitoka msikitini anakwenda kupogoa maua ya wamisionari, na hakuna aliyeona ajabu. Bibi alipoolewa akateremka Mkumbara, kwenye joto, kwenye vumbi la barabara ya Moshi, kwenye malori ya katani na mlio wa garimoshi. Katika vitu alivyoteremka navyo kulikuwa na kijiti kimoja kimefungwa kwenye ganda la mgomba lenye maji. Mama yake ndiye aliyemkatia, siku ya kuondoka. Mwaka uliofuata mama yake akafariki, na bibi hakuwahi kumwona tena. Kwa hiyo kile kijiti usikichukulie kama ua tu la kupendezesha nyumba.

Jina la kitabuni hakuna aliyelijua. Sisi tuliuita mmisheni, kwa sababu ulitoka misheni. Ulikuwa mti mfupi, umefungamana, majani yake mazito ya kijani kilichoiva, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi, na hayapukutiki hata kiangazi kikali ambapo kila kitu Mkumbara kinabaki mifupa. Ua lake jeupe. Siku ya kwanza jeupe kama kanzu mpya, siku ya pili limekuwa na rangi ya siagi, ya tatu limechoka. Harufu yake ilikuwa inatembea. Ukiwa kijitoni unajaza ndoo, upepo ukigeuka, ilikufikia hukohuko ukajua bibi amefungua madirisha. Kila Alhamisi jioni aliweka ua moja kwenye kisahani cha maji kando ya mswala wake, na likishanyauka alilikunja ndani ya sanduku la khanga. Mpaka leo nikifungua sanduku la khanga la mtu yeyote nanusa kwanza, halafu ndipo natazama.

Mti wa baridi kuuweka hai kwenye joto si mchezo. Bibi aliupanda upande wa mashariki wa nyumba, upate jua la asubuhi na uepuke la mchana. Udongo aliufuata mlimani, mweusi, wa majani yaliyooza, akaubeba kichwani kwa kikapu. Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa yalikuwa haki ya mmisheni, maji ya kuoshea mchele vilevile. Na alikuwa na amri moja aliyoipata kwa baba yake, ameikariri kama sura ya Kurani: jivu la jikoni lisisogee pale. Wengine wote walimwaga jivu kwenye migomba na mboga kuzuia mchwa. Bibi akikuona na sufuria la jivu upande ule wa nyumba, utakimbia. "Mti huu hautaki jivu," alisema, "na usiniulize kwa nini, mimi mwenyewe sikumuuliza baba."

Ng'ambo ya ua wetu wa miti ya minyaa alikaa jirani. Huyu alikuwa mwanamke Mzigua wa Sindeni, kijana bado wakati ule, mweusi, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Sasa, kama hutoki huku, nikufahamishe: sisi Wasambaa na Wazigua ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako, ukanyamaza ukacheka. Aibu si ya mwenye kutukana, ni ya mwenye kukasirika. Bibi alikuwa na umri wa kumzaa yule jirani, lakini hawakuitana mama wala mwanangu. Waliitana mtani. Na kila asubuhi mazungumzo yao yaliruka ule ua kabla ya chai.

"Mtani! Mgonjwa wako ameamkaje? Ameomba uji?"

"Ameamka salama. Ameuliza kama Wazigua wamekwisha kujifunza kunawa uso."

"Wallahi huo mti nitakuja kuusongea bada. Kuni za kunukia, tule tunanukia."

"Njoo. Ukishika tawi nitakuzika chini yake, uwe mbolea, angalau mara moja ufae."

"Mimi sina haja ya kushika, mtani. Nitauangalia mara moja tu, kwa jicho hili la kushoto. Mtaamka umekauka."

Basi bibi anacheka mpaka anashika mlango. Mama yangu anacheka jikoni. Mimi nacheka ingawa nusu yake siielewi. Bada ni ule ugali wa muhogo wanaoupenda Wazigua, na jirani akipika bada hakosi kutuletea sahani, na ndani ya sahani hakosi tusi. Ndivyo tulivyoishi. Nikwambie ukweli, sijawahi tena kuishi mahali penye kelele za raha kama zile.

Ikafika Ramadhani ya mwaka ninaousema. Kumi la mwisho, kama desturi, kila nyumba ikapakwa chokaa. Nyumba ya udongo, chokaa. Shina la mwembe, chokaa mpaka kiunoni. Mawe ya kuzungushia maua, chokaa. Mwezi ukiandama uwakute watu wameng'aa. Tulikoroga kwenye debe, ikachemka yenyewe kama uji, na burashi tulitengeneza kwa katani iliyopondwa. Mwaka ule kwa mara ya kwanza nilipewa kazi yangu peke yangu: mawe ya mmisheni. Kaka zangu walipewa choo. Hebu fikiri fahari yangu.

Nikayapaka moja moja, juu na chini, hata upande usioonekana. Nilipomaliza debe likawa bado na chokaa karibu nusu. Mama akapiga kelele nisiimwage uani, kuku wataidonoa. Nikatazama huku na huku. Nikatazama udongo wa mmisheni, mweusi katikati ya mawe meupe, nikaona hauendani. Nikaimwaga pale, taratibu, nikiizungusha shina, mpaka chini pote pakawa peupe kama sahani. Mti ukasimama juu ya weupe na majani yake ya kijani. Sijawahi kuona kitu kizuri vile.

Bibi alitoka, akakunja mikono, akatazama. "Umeupendezesha," akasema. "Hata misheni hawakuwa na kitu kama hiki." Akachuma ua moja, akanichomeka sikioni, juu ya mtandio. Mimi nilifunga ile siku nzima bila kuiba hata maji.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, bibi akaenda mashineni kusaga na mama akaenda kijitoni. Nikiwa dirishani nikamwona jirani anapenya kwenye ua wa minyaa. Ana kisu. Akatazama nyuma, akatazama upande wa barabara, akainama kwenye mmisheni. Sikuona mikono yake ilichofanya. Nilimwona tu anainuka, anafunga kitu kwenye pindo la khanga, anarudi kwao upesi, na wala hakuimba kama alivyozoea. Nikaona ni mambo ya watu wazima. Nikasahau.

Idi tukala, tukavaa, tukatembea nyumba kwa nyumba. Wiki mbili baadaye mmisheni ukaanza kuugua. Kwanza majani machanga, njano yenye mishipa ya kijani, halafu ya chini yake. Vichwa vya maua vikadondoka kabla ya kufunguka. Bibi akaongeza maji. Akaongeza majani ya chai. Akapanda mlimani kwa miguu yake, akarudi na kikapu cha udongo, akaumwaga juu ya ule weupe. Akajenga kivuli cha makuti. Mwalimu wetu wa madrasa akasoma kwenye bakuli la maji, yakanyunyizwa asubuhi na jioni. Na mimi nilikuwa mbeba maji mkuu. Nilimwaga debe baada ya debe, sikuchoka, kwa sababu nilimpenda bibi na niliona uso wake. Kila debe nililolimwaga lilikuwa linasukuma chokaa chini zaidi, kwenye mizizi. Hilo nalijua sasa.

Siku moja bibi akatukusanya wote barazani. Hakupandisha sauti. Akauliza, "Nani amefika kwenye mti wangu?"

Kaka zangu wakasema si sisi. Mama akasema hajui. Mimi nikasimama. Nilikuwa nimesimama vizuri, nakumbuka, mikono nyuma kama shuleni, maana mtoto kuwa na neno ambalo wakubwa hawana si jambo dogo. Nikasema, "Nilimwona mtani wako, bibi. Alikuja na kisu, ulipokwenda mashineni."

Nilisema kweli. Hilo ndilo limenichosha maisha yangu ya uzeeni, rafiki yangu, kwamba sikusema uongo hata neno moja.

Bibi akajifunga khanga akatoka. Nikamfuata. Jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko lake anamenya mihogo, na kisu mkononi kilikuwa kilekile.

"Mtani," bibi akasema, "leo nakuuliza bila utani. Umefanya nini kwenye mti wangu?"

Jirani akashtuka. Akanitazama mimi. Kisha akatazama chini, kwenye maganda, na kwa muda kidogo alikuwa kama anataka kusema kitu. Halafu akacheka. Alicheka kwa nguvu kuliko siku zote, akafumba jicho la kulia, akalitoa la kushoto.

"Si nilikwambia, Msambaa wewe? Nimeuangalia mara moja tu. Umekwisha huo!"

Akangoja. Mimi nilikuwepo, nilimwona anavyongoja, uso ameuinua, kama mtu aliyetoa mkono asalimiwe. Alikuwa anangoja atukanwe. Angetukanwa tu, yote yangekwisha palepale, pengine angesema hata lile lililokuwa moyoni mwake.

Bibi akasema, "Ahsante, mama. Nimesikia."

Hakuna tusi lililowahi kuruka ule ua lenye ukali wa ile ahsante.

Kuanzia siku ile wakawa watu wa heshima. "Habari za asubuhi, mama." "Salama, bibi, shikamoo." "Marahaba." Basi. Asubuhi zetu zikawa kimya, ukisikia kuku na malori tu. Sahani ya bada ilikuja mara mbili, ikarudi mara mbili na chakula chake, imefunikwa vizuri, na shukrani. Ya tatu haikuja. Mmisheni ulikufa kabla ya masika. Bibi hakuung'oa. Ulikaa pale mkavu kati ya mawe yangu meupe, na Idi iliyofuata hakuna aliyeniambia niyapake.

Miaka ikapita mingi. Bibi akafa. Unajua kwetu msiba una watani wake: mtani anaruhusiwa kuficha birika, kumwigiza marehemu anavyotembea, kulala njiani jeneza lisipite, mpaka waliolia wacheke. Watu wakamngoja jirani. Akaja, akakaa nyuma kabisa, pindo la khanga mdomoni, na hakufanya mzaha hata mmoja. Watu wakanong'ona kwamba dhamiri inamsuta. Na mimi, mwanamke mzima wakati ule, mwenye meza yangu ya maandazi, nilinong'ona nao. Mumewe alipofariki akarudi kwao Sindeni, nasi tukasema afadhali.

Mimi niliupenda ule mti nikashindwa kuuacha. Nilipopata nguvu zangu nilipanda Lutindi, nikaomba kijiti, nikakiotesha kwenye kopo. Hicho ndicho mama wa miche yote ya mmisheni ninayouza. Nimeikuza kwa njia ya bibi, udongo wa majani, majani ya chai, jivu mbali. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Na wateja waliokuja kulalamika niliwafokea wote.

Sasa turudi langoni, kwa mwalimu na ndoo yake. Kwa bahati alikuwepo bibi shamba, ofisa kilimo wa kata yetu, binti mdogo tu, amekuja kuchukua miche ya michungwa. Akachukua jani, akaligeuza kwenye jua.

"Mwalimu, umeupanda wapi?"

"Mbele ya nyumba. Nimezungushia mawe."

"Mawe ya rangi gani?"

"Meupe. Tulipaka kwa ajili ya Idi."

"Na chokaa iliyobaki?"

Mwalimu akajikuna shingo. "Nadhani watoto waliimwaga hapohapo."

Bibi shamba akacheka kidogo. "Basi usimlaumu mama. Hii ni gadenia. Ukiipa chokaa, udongo unaifungia chakula. Inakufa njaa na sahani iko mbele yake."

Nikasikia sauti yangu inauliza, kama ya mtoto, "Na jivu?"

"Jivu na chokaa ni ndugu, mama. Kazi yao moja."

Nilimpa mwalimu mche mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, na sikumweleza sababu. Sijazoea kuomba radhi. Nilifunga lango saa nane mchana, watu wakashangaa, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Nilihesabu waliobaki. Bibi hayupo. Mama hayupo. Kaka zangu wote chini ya udongo. Nikauliza watu wa Handeni wanaopita na mahindi, wakaniambia yule jirani yupo hai bado, Sindeni, mzee sana, anatunzwa na binti yake.

Kesho yake nikapanda pikipiki, umri wangu huu, na mche mmoja wa mmisheni pajani kama mtoto mchanga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Si wewe, ni mimi. Nilitaka kuyasema hayo manne tu, aniangalie, anifokee, aniite mjinga, achukue mche wake.

Binti yake alinikaribisha, akanipa maji. Nikamweleza mimi ni nani. Akasema, "Utamwona, mama, lakini hakumbuki watu. Mimi mwenyewe ananiita dada yake." Akanipitisha nyuma, upande wa jikoni. Na pale, kabla sijamwona mtu, ikanifikia ile harufu.

Ulikuwa umepita paa. Mmisheni mmoja mkubwa, mpana, majani yanang'aa, maua hayahesabiki, kwenye ukuta wa udongo ambao haujawahi kupakwa chochote. Nikasimama na mche wangu mkononi kama mtu aliyepeleka kibuyu cha maji mtoni.

"Huu mti?" nikauliza.

"Alikuja nao kutoka Mkumbara, ndani ya sufuria bovu. Hataki mtu achume ua. Ukimuuliza, anasema si wake, ni wa mtu."

Mwenyewe alikuwa amekaa mkekani chini ya ule mti. Ule urefu wote umekunjika, ile sauti imekwisha. Nikamwambia shikamoo. Akainua uso akanitazama sana. Nimefanana na bibi, watu huniambia, hasa tangu nizeeke.

"Mtani," akasema. "Umekuja kuuchukua."

Nikauweka mche wangu chini.

"Nilikata kijiti kimoja tu, mtani. Kimoja. Niliona aibu kukuomba, miaka yote nimeutukana mti wako, nitakuombaje? Nilitaka nikuonyeshe ukishaota, tucheke. Kisu kilikuwa kichafu. Nilikuwa nimemenyea mihogo. Kisu ndicho kilichouua wa kwako."

Miaka yote hiyo! Bibi aliamini jicho, yeye akaamini kisu. Nikapiga magoti mkekani, nikamshika mikono. "Si wewe," nikasema. "Sikia. Ni chokaa. Mimi ni yule mjukuu, yule msichana. Mimi ndiye niliyeimwaga chokaa chini ya mti. Kisu hakina kosa."

"Chokaa?" akauliza. "Idi imefika?"

"Imekwisha kupita, mama. Nakwambia ni mimi..."

"Waambie wapake mapema, isije ikawakuta mvua." Akatikisa kichwa, halafu hofu ikamrudia machoni. "Mtani, kijiti kimoja tu. Nisamehe."

Nikamweleza tena. Nikamweleza kwa Kiswahili, nikamweleza kwa Kisambaa, binti yake akamweleza kwa Kizigua. Tulikuwa kama watu wanaomwaga maji kwenye mchanga. Kila tukimaliza anarudi palepale: kijiti kimoja, kisu, nisamehe. Na uso ameuinua. Uso uleule, akingoja vilevile kama siku ile mbele ya maganda ya mihogo.

Ndipo nikaelewa kwamba mimi hakuniona kabisa, na hataniona. Nikafuta machozi kwa mtandio, nikakohoa, nikaitafuta sauti ya bibi huko ilikokuwa.

"Mzigua mwizi wewe," nikasema. "Na kisu chenyewe cha mihogo! Ningekukamata ningekupanda kichwa chini miguu juu, uote hapohapo, watu wakuchume."

Kwanza alinikazia macho. Halafu tumbo likaanza kumtikisika, halafu mabega, akacheka, kinywa wazi, hakina jino hata moja. Akafumba jicho la kulia akanitolea la kushoto. "Nenda zako, Msambaa," akasema. "Rudi mlimani na baridi yako." Akaegemea shina, akalala. Binti yake akaniambia hajamsikia akicheka tangu masika ya mwaka jana.

Nilirudi na mche wangu pajani, pale haukuwa na kazi. Korogwe sikushuka; pikipiki ikanipeleka barabara kuu mpaka Mkumbara, nikaomba tusimame. Uani kwa bibi pana ghala la mtu. Ua wa minyaa umekatwa, ukuta wa matofali umesimama, na ukuta huo una rangi ya dukani, wa chokaa siku hizi ni wachache. Mawe yangu sikuyaona hata moja. Vijana waliokuwa wamekaa pale niliwatania, nikawauliza kama ni Wazigua au ni magunia, wakanitazama, mmoja akasema kwa adabu, "Samahani, mama, tumekukosea nini?"

Mche ule nimeurudisha mahali pake kitaluni. Siuuzi. Sasa kila anayenunua mmisheni namweleza habari ya chokaa kabla hajafungua mdomo, na wengi nadhani wananiona mzee mwenye maneno mengi. Jirani yangu wa Sindeni amepata tusi lake. Nililitoa kwa mdomo usiokuwa wangu, lakini amelipata, na akilisahau nitakwenda tena kumpa jingine. Langu mimi sina pa kulidai. Aliyekuwa na haki ya kunitukana amelala Mkumbara, na neno la mwisho aliloniambia kuhusu kazi yangu ile ni kwamba nimeupendezesha.